Maumivu ya Ubavu na Mgongo: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuzoea Dawa

Mwendeshaji bodaboda akiumwa mgongo hulaumu barabara. Mkulima hulaumu jembe. Mara nyingi huwa hawajakosea, kwani misuli iliyochoka ndiyo chanzo cha kawaida. Lakini maumivu yanayokaa ubavuni, chini ya mbavu, yanaweza kuwa yanatoka kwenye figo.

Je, mkazi atatofautisha vipi?

• Misuli: Maumivu huzidi mtu anapoinama au kuinua mzigo, na hupungua akipumzika.

• Mawe kwenye figo: Maumivu makali huja na kupoa, yakishuka kuelekea kinena. Mgonjwa hugeuka huku na huku bila kupata nafuu. Mkojo unaweza kuwa na damu.

• Maambukizi ya figo: Huambatana na homa, kutetemeka, kutapika na mara nyingi mkojo unaochoma.

• Mkanda wa jeshi: Ngozi huwaka upande mmoja, kisha malengelenge hutokea siku chache baadaye.

• Kifua kikuu cha uti wa mgongo: Maumivu hudumu wiki nyingi, na mgonjwa anaweza kukonda na kutokwa na jasho usiku, hata bila kukohoa.

Dalili hizi ni mwongozo tu. Vipimo ndivyo huthibitisha. Mgonjwa anapofika kituoni, amweleze mhudumu maumivu yalianza lini, yanaelekea wapi na dawa alizomeza. Kipimo cha mkojo huwa cha kwanza. Ikihitajika, hupimwa damu kuangalia utendakazi wa figo, au hupigwa picha ya ultrasaundi. Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito aseme mapema.

Kununua ibuprofen au diclofenac dukani kila siku kuna hatari mbili: maumivu hufichwa huku ugonjwa ukiendelea, na dawa zenyewe zinaweza kudhuru figo.

Nenda hospitalini mara moja ukiwa na homa pamoja na maumivu ya ubavu, ukishindwa kukojoa, miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, ukishindwa kuzuia haja, au ukiwa mjamzito. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 anayeshikwa ghafla na maumivu makali pia asisubiri.

Wakazi ambao hawajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) wanahimizwa kufanya hivyo kwa kubonyeza *147#.