Kiongozi Hufundwa na Waliomchagua

Asafiriye kutoka Arusha kwenda Moshi hupita Tengeru, kisha hufika Usa River, mji mdogo ulio chini ya Mlima Meru, penye makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Katika kipande hicho kifupi cha barabara vipo vyuo viwili vyenye sifa katika kazi ya kuwafunza watu kuwatumikia wenzao. Kimoja ni Taasisi ya Maendeleo ya Jamii ya Tengeru. Cha pili ni kituo kilichoanzishwa na Wadenmark mwaka 1967 ili kuwaandaa vijana wao waliokuja huku kwa kujitolea. Baadaye kikawapokea viongozi wa vyama na watumishi wa umma kutoka nchi nyingi za Afrika. Tena twajua kwamba Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na kwamba huko Hombolo, Dodoma, kipo Chuo cha Serikali za Mitaa.

Vyuo hivi vyote ni vyema, na yafaa tuvishukuru. Lakini tuhesabu kidogo. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, na kila kimoja kina mwenyekiti wake. Hata tukijenga chuo katika kila mkoa, wengi wa wenyeviti hao wataingia madarakani pasipo kukalia kiti cha darasa hata siku moja. Basi watafundwa wapi? Jibu letu ni hili: watafundwa katika mkutano wa watu wale wale waliowachagua. Na mkutano usipofundisha, kijiji kitakuwa na mtawala, lakini kiongozi hakitakuwa naye.

Wameru wanatupa ushahidi wa jambo hili. Mwezi wa Novemba 1951 Serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapata 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili yafanywe mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikafukuzwa. Wameru hawakushika mikuki. Walifanya mikutano, wakaunda chama chao cha raia, wakachanga fedha, wakamtafuta mwanasheria, Bwana Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kisha wakamchagua mwenzao, Kirilo Japhet, aende New York mwaka 1952 kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Huko alisema kwa Kiswahili, maneno yake yakafasiriwa.

Je, walishinda? Siku ile hawakushinda. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Lakini tazameni alivyofanya mjumbe huyo. Aliporudi nyumbani hakujificha kwa aibu. Alizunguka akiwaeleza watu yote aliyoyaona na kuyasikia, na kwa habari hizo watu wengi wa Tanganyika walijifunza kwamba mwananchi wa kawaida aweza kusimama mbele ya mataifa na kudai haki kwa maneno. Leo Ngarenanyuki ni kata katika Halmashauri ya Meru.

Mtu wa namna hiyo hakuota kama uyoga baada ya mvua. Tangu miaka ya mwisho ya 1940 Wameru walikuwa wakibishana na Serikali juu ya namna ya kumpata Mangi na juu ya mipaka ya madaraka yake. Katika mabishano hayo walizoea kusikilizana, kupima hoja na kutoa mchango. Shida kubwa ilipowajia, ilikuta watu waliokwisha kufundana. Waliomtuma mjumbe ndio waliomlipia safari. Kwa hiyo walijua kumwuliza habari za safari, naye alijua kwamba atawajibu.

Sasa tuangalie sheria zetu wenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, nao ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji. Mkutano huo ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, nao hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Humo mapato na matumizi yapaswa kusomwa mbele ya watu wote. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi pasipo kibali cha mkutano mkuu. Sheria hiyo hiyo yataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na kati yao watatu wasipungue kuwa wanawake.

Ni maneno machache, lakini nguvu yake ni kubwa! Hata hivyo sheria haina miguu. Katika vijiji vilivyo karibu na miji, ambako bei ya ardhi hupanda kila mwaka, shamba laweza kutoka mikononi mwa kijiji kwa karatasi iliyotiwa sahihi na watu wachache, huku wenyeji wakisikia habari hiyo siku mnunuzi ajapo na nguzo za kuzungushia uzio. Hapo kilio huwa kikubwa, na mwenyekiti hulaumiwa. Lakini aulizwe kila mmoja: mara ya mwisho ulihudhuria lini mkutano wa kijiji? Asiyekwenda mkutanoni amempa mwenyekiti wake hati tupu iliyokwisha kutiwa sahihi.

Basi twashauri mambo matatu, ambayo kila kijiji na kila familia yaweza kuyafanya pasipo kungoja msaada wa mtu.

Kwanza, watu wapewe kazi ndogo kabla ya kazi kubwa. Kijana ashike daftari la mchango wa shule. Mama asimamie kamati ya maji. Mzee apatanishe mpaka wa shamba. Baada ya mwaka mmoja watu watajua nani hutunza fedha, nani hutunza siri na nani hutunza ahadi. Anayeomba cheo kikubwa bila kupita katika kazi ndogo ni kama mtu anayetaka kuvuna kahawa ambayo hakupalilia.

Pili, watu wazoee kuuliza kwa adabu. Kuuliza si uasi. Mtu asimame aseme, “Ndugu Mwenyekiti, twaomba tusomewe muhtasari wa mkutano uliopita,” au, “Ndugu Mtendaji, twaomba tuione stakabadhi.” Kiongozi mwema hufurahi aulizwapo, maana jibu lake humwondolea shaka mbele ya watu. Kiongozi mwovu huchukia. Na chuki yake hiyo ni habari ya kutosha.

Tatu, kiongozi akitumwa, arudi aeleze. Akienda wilayani, akienda kwenye mafunzo Usa River au kwingineko, asirudi na cheti tu cha kutundika ukutani. Aliyojifunza ayafundishe, ili mafunzo ya mtu mmoja yawe mali ya kijiji kizima.

Wako wasemao kwamba watu wetu hawakusoma vya kutosha, na kwamba sheria ni jambo la wenye vyuo. Hatukubali. Waliochanga fedha za safari ya mwaka 1952 walikuwa wakulima na wafugaji, na wengi wao hawakujua kuandika. Lakini walijua wanachodai, na walijua nani anafaa kutumwa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila miaka mitano, na wa mwaka 2024 ulifanyika tarehe 27 Novemba. Wengi hufikiri kwamba wakati wa kutafuta viongozi ni zile wiki chache kabla ya kura. Sivyo. Wakati wake ni miaka yote iliyo kati ya kura na kura. Samaki mkunje angali mbichi.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:

1. Mkutano mkuu wa kijiji chetu, au wa mtaa wetu, hukutana lini, na nani wa nyumba hii huhudhuria?
2. Mapato na matumizi yalisomwa lini mara ya mwisho mbele ya watu wote?
3. Ni kazi gani ndogo ya umma twaweza kumkabidhi kijana wetu mwaka huu?