Kwa Nini TB Huwaandama Wanaoishi na HIV
Viini vya TB huenea kwa hewa, kama ndani ya matatu ya Kondele iliyofungwa madirisha, na wengi huvivuta bila kuugua. Katika mapafu, chembe nyeupe ya damu humeza kiini. Lakini kumeza si kuua. Chembe nyingine, CD4, hutoa protini iitwayo interferoni gama, ambayo hunasa kwenye kipokezi cha ile iliyomeza na kuipa nguvu ya kuua. HIV huangamiza CD4; ujumbe hupungua, na TB iliyolala huamka. Dawa za ARV huziongeza tena CD4. Mkazi wa Kisumu anayekohoa, hasa anayeishi na HIV, afike kituo cha afya cha umma: kupimwa na kutibiwa TB ni bila malipo.