Kompyuta Inapomsingizia Asiye na Hatia

Huenda wadhani kompyuta hufuata maagizo moja baada ya jingine, kama sisi kwenye foleni ya githeri. Wapi! Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huruka foleni. IBM walijaribu jambo hili katika mashine yao ya 360/91 miaka ya 1960, na mwaka wa 1995 Intel wakatoa Pentium Pro, nayo ikaruka vilevile.

Mtazame mpishi wa hoteli. Maharagwe yakiwa bado motoni, hakai akiyangoja. Anakaanga mayai, anamimina chai. Ila sahani hupelekwa mezani kwa zamu ya walioagiza. Prosesa pia ni hivyo: agizo likingoja data kutoka kumbukumbu ya mbali, yaliyo nyuma hutangulia kutekelezwa, mradi hayategemei jibu lake. Kisha yote hukamilishwa kwa zamu.

Sasa matata yanaanza. Ndani ya prosesa mna vihesabio. Kimoja, mathalani, huhesabu ni mara ngapi data imekosekana katika kumbukumbu ya karibu. Kikijaa, kengele hulia ili mpimaji ajue ni agizo gani lililosababisha. Lakini kengele huchelewa, na wakati huo makumi ya maagizo yako njiani. Linaloandikwa ni lile lililokutwa mlangoni! Ni kama meneja anusaye maharagwe yakiungua, akaingia jikoni mbio na kumkamata mwosha vyombo. Idadi ni ya kweli, mshtakiwa siye. Mtunga programu aweza kukesha akirekebisha mstari usio na kosa lolote.

Mwaka wa 1997 wahandisi wa kampuni ya Digital, Marekani, walieleza mbinu iitwayo ProfileMe. Prosesa huchagua agizo moja kwa bahati nasibu linapoingia tu, hulitia alama, kisha hulifuata: limengoja wapi, kwa muda gani, limekosa data au la, limekamilika au limetupwa. (Ndiyo, mengine hutupwa, kwani prosesa hubahatisha njia, ikikosea, hufuta.) Safari ikiisha ndipo kengele hulia, na taarifa yote ni ya agizo lilo hilo.

Hata hivyo, kungoja sana si lazima kuwe hasara. Maharagwe yakichukua saa nzima na mpishi hakukaa bure, nani kaumia? Ndiyo maana wahandisi hao walipendekeza pia kutia alama maagizo mawili yaliyo karibu, ili ionekane kama moja lilipongoja, mwenzake alikuwa akifanya kazi.