Somo la kusoma: vitabu vya watoto mbele ya macho ya mtu mzima

Wapendwa wanafunzi, na zaidi ninyi wa upande wa pedagojia: nyuma ya diploma wengi wenu mtasimama mbele ya kalasi ya watoto hamsini ao zaidi, na pengine mezani kutakuwa kitabu kimoja tu cha kuwasomea. Kitakuwa kitabu gani? Nasikia watu wanasema: chochote, ni watoto tu. Mimi sikubali. Niko mtu mzima na bado ninasoma vitabu vya watoto, na kila kimoja ninakipima kwa swali hili: mwenye kukiandika alimheshimu mtoto atakayekisoma, ao hapana?

Tuanze na kile kinachotuhusu sisi Wakongo, ndicho Tintin au Congo. Hergé, Mbelgiji, alikitoa kipande kwa kipande katika gazeti la watoto kule Brussels, mwaka 1930 na 1931. Alikuwa hajakanyaga Kongo. Alichora yale watu wa kwao walikuwa wanasema. Angalieni fasi ya shule. Katika chapa ya kwanza Tintin anaingia kalasi kufundisha watoto Wakongo juu ya inchi yao, na inchi yenyewe ni Ubelgiji! Mwaka 1946 Hergé alikichora upya kwa rangi, akaondoa Ubelgiji, akaweka hesabu: mbili na mbili ni ngapi. Hakuna mtoto anayejibu. Mimi nauliza: ni kalasi gani ya Kongo ambamo watoto hawapigi makelele kujibu swali kama lile? Mwaka 2007 Mkongo mmoja mwenye kukaa Ubelgiji alishitaki kitabu hiki. Mwaka 2012 tribunali ya Brussels ilikataa kukikataza. Mimi vilevile sitaki kikatazwe. Lakini usikitie mikononi mwa mtoto wa miaka saba na kumwacha peke yake, maana atajiona ndani yake kama mjinga. Ninyi wakubwa kisomeni, na mtazame nani anasema na nani ananyamaza.

Tena jueni hili. Mwaka 1934 Hergé yule yule alijuana na mwanafunzi Mchina pale Brussels, jina lake Zhang Chongren, akamwuliza mambo ya China kabla ya kuchora. Kikatoka Le Lotus bleu. Maandishi ya Kichina kwenye kuta ni ya kweli, na Tintin pamoja na rafiki yake Mchina wanacheka upuuzi ambao watu wa inchi moja wanawaza juu ya watu wa inchi nyingine. Mkono ni ule ule. Mara hii aliuliza mwenye inchi.

Kitabu ninachokipenda zaidi ni Sans famille cha Hector Malot, Mfaransa, cha mwaka 1878. Ni kirefu, Kifaransa chake ni cha zamani, na mwishoni mtoto anakuta mama tajiri, jambo ambalo halinipendezi: ni kama masikini hawezi kupata heri bila urithi. Lakini katikati! Remi, mtoto wa kuokotwa, anatolewa kwa franka 40 kwa mzee Vitalis, mwenye kutembeza mbwa na tumbili wa kuchezesha. Kitabu cha kujifunzia hawana. Basi Vitalis anaokota ubao njiani, anaukata vipande vidogo, na juu ya kila kipande anachonga herufi moja. Remi anavitia mfukoni na kujifunza kusoma katika safari. Mbwa Capi anajifunza pamoja naye, na mwanzoni mbwa anamshinda! Remi anaona haya, anaongeza bidii. Ninyi mnaolia kwamba hakuna vitabu, rudieni kurasa zile. Kuna tena mgodi wa makaa unaojaa maji, na Remi amefungiwa chini pamoja na wachimbaji. Mtoto wa Kolwezi ao Likasi hahitaji kuelezwa mgodi ni kitu gani. Kifo nacho Malot hakifichi: tumbili anakufa, halafu Vitalis mwenyewe, kwa baridi ya Paris. Wengine wanasema mtoto asisomewe mambo ya kifo. Watoto wetu wamekwisha kukaa kwenye vilio vingi, na kitabu kikiwadanganya wanajua.

L'Enfant noir cha Camara Laye wa Guinea kilitoka mwaka 1953. Mongo Beti wa Kameruni alikilaumu kwamba kinanyamaza juu ya ukoloni, na lawama ile ina uzito. Hata hivyo kuna kurasa za shule ya Kouroussa: wakubwa wanapiga wadogo na kuwanyang'anya chakula, mkubwa wa shule anaacha tu, mpaka baba wa Laye anakuja mwenyewe kumkabili. Wa kalasi za juu, someni, halafu mniambie kama mambo yale yamekwisha.

Mwaka ule ule Senghor na Abdoulaye Sadji, wote wawili walimu, walitoa La Belle Histoire de Leuk-le-Lièvre kwa watoto wa shule. Leuk ni sungura kwa Kiwolof. Wanyama wanatafuta nani mdogo kupita wote. Leuk anajiangusha kutoka mtini na kusema amezaliwa sasa hivi. Mtoto wetu atacheka, halafu atasema: hapana mwalimu, bibi yangu ana hadisi yake, ni ya swala mdogo Kabuluku. Mwache aseme mpaka mwisho.

Le Petit Prince cha mwaka 1943 nadhani kinasifiwa na wazee kuliko watoto. Yule mfalme anayeamuru jua litue, lakini kwa saa yake tu, anachekesha. Mtoto wa Boma, mwenye kuona mbuyu mkubwa karibu, atashangaa kuukuta ndani kama magugu ya kung'oa. Kwa Kiswahili kinaitwa Mwana Mdogo wa Mfalme, kimechapwa Dar es Salaam mwaka 2009.

Kazi ya juma hili: kila mmoja wa pedagojia amsomee mtoto wa nyumbani kurasa mbili za kitabu chochote anachopata, na aandike maswali ambayo mtoto ameuliza. Maswali ya mtoto, si majibu yenu. Daftari zije siku ya ijumaa.