Kinjeketile na Manga: Hadithi Inavyobeba Giza

Sisi tunaosomea ualimu wa Kiswahili tumeshaisikia sana hoja hii: manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, zina giza, zina wahusika wanaobadilika na zina mwisho unaouma. Fasihi yetu, eti, ni mafunzo tu: mwema ashinde, mbaya aadhibiwe. Nilipokwenda TP wilayani Kilwa, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniambia hivyo hivyo mbele ya darasa zima.

Nusu ya hoja yake ni kweli, maana manga nzuri zinastahili sifa hizo. Nusu ya pili inapingwa na Kinjeketile (1969), tamthiliya ya Ebrahim Hussein, ambaye alizaliwa mwaka 1943 katika pwani hiihii ya kusini. Hebu tuzilinganishe kwa mambo matatu. Kama hujamaliza Attack on Titan, soma kwa tahadhari.

Kwanza, giza. Keiji Nakazawa alikuwa na miaka sita bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Alipoteza baba, dada na mdogo wake. Manga yake, Barefoot Gen, iliyoanza kutoka mwaka 1973, inaonyesha watu wakiungua, lakini haiishii hapo. Inamfuata mtoto anayetafuta chakula siku ya pili, na mwezi wa pili. Kwa hiyo giza lake lina chanzo, na kuna watu wanaolilipia.

Hussein naye anaanza na njaa na kazi ya shuruti kwenye mashamba ya pamba. Binti wa Kitunda anachukuliwa kwa nguvu, na baba mtu hana la kufanya. Nyuma ya tamthiliya kuna historia yenyewe: mwaka 1905 watu wa milima ya Matumbi, Kilwa, waling'oa pamba ya Wajerumani, na vita vya Majimaji vikaendelea hadi 1907. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Pili, kina cha wahusika. Darasani tunakariri "mhusika bapa" na "mhusika duara" kisha tunasonga mbele. Mtazame Eren Yeager wa Attack on Titan, manga ya Hajime Isayama. Anaanza akiwa mtoto aliyeona mama yake akiliwa, anaishia kuikanyaga dunia. Kinachotisha ni kwamba unaelewa kila hatua aliyopita.

Kinjeketile wa Hussein anabadilika kwa njia ngumu zaidi. Anapandwa na Hongo, anaingia mto Rufiji, anarudi na maji yanayowaunganisha watu waliokuwa wakitengana. Akishapata fahamu ndipo anaambiwa aliyoyatamka, kwamba wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anashtuka. Yaani tumtoe Mjerumani tuwe chini ya Sultani wa Zanzibar? Anaanza kumtilia shaka Hongo mwenyewe. Lakini watu wameshaamini. Anawaomba wasubiri, hawasubiri. Kiongozi huyu anaogopa kitu alichokileta mwenyewe. Kama huyo si mhusika duara, basi sijui ni nani.

Tatu, mwisho. Attack on Titan iliisha Aprili 2021 na mashabiki wakagombana kwelikweli. Wengine walisema mwandishi amemwonea Eren huruma kupita kiasi. Hussein hakujipa nafasi ya kulaumiwa hivyo. Kinjeketile amefungwa, amepigwa, anatakiwa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki yake, anamsihi akubali. Anakataa, kwa sababu akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba wazee wao walipigania upuuzi.

Huu ni mwisho uliochaguliwa. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Angeweza kutupatia shujaa asiye na doa. Badala yake ametuachia mtu anayekataa kukana jambo ambalo yeye mwenyewe halisadiki tena.

Kwa hiyo tatizo liko kwenye ufundishaji. Tukiuliza "taja dhamira nne", hata Kinjeketile anageuka orodha, na mwanafunzi anakwenda kutafuta hadithi yenye uhai kwenye simu. Siku ile niliuliza swali moja tu: ungekuwa Kitunda, ungemshauri nini? Darasa liligawanyika. Yule kijana wa manga alimtetea Kinjeketile kwa nguvu zote: bila neno lile, watu wasingeungana. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwao ni Umatumbini, akasema: "Mwalimu, na waliokufa kwa kuamini maji je? Wao nani anawasemea?"

Kengele ililia hakuna aliyemjibu, na mimi sikumjibu. Wenzangu mnaokwenda TP mwaka huu, bebeni tamthiliya hii pamoja na manga zenu. Ulizeni maswali ambayo hayana majibu nyuma ya kitabu, halafu wapeni wanafunzi muda wa kubishana.