Kaneli Yangu Haiwaki kwenye Raspberry Pi 3

SWALI: Nimeandika kaneli ndogo kwa C kwenye laptopu yangu ya Intel. Gcc haikulalamika, lakini nikiiweka kwenye kadi ya Raspberry Pi 3, bodi inakaa kimya. Tatizo liko wapi?

JIBU: Gcc ya laptopu yako hutoa maagizo ya x86, na prosesa ya Pi ni ARM. Haielewi hata moja. Unahitaji kompaila inayokaa kwenye laptopu huku ikitoa msimbo wa ARM: aarch64-none-elf-gcc. Zile zenye neno linux kwenye jina zimeandaliwa kwa programu zinazoegemea Linux, ilhali wewe huna cha kuegemea. Iongezee -ffreestanding na -nostdlib.

Hapo bado. Kwenye Pi 3 inayoamka kwanza ni GPU. Husoma bootcode.bin na start.elf kutoka kwenye kadi, kisha hupakia kernel8.img kwenye anwani 0x80000. Basi skripti ya linka nayo ianzie hapo. Wengi hukwama kwa kulibatiza tu faili la ELF jina la kernel8.img. Haliwaki ng'o! Lipitishe kwanza kwenye objcopy -O binary. Tena, kabla ya kuita C, mistari michache ya asembli iweke staki na kusafisha bss.

Jaribu kwanza kwenye QEMU, mashine raspi3b, ukiwa na -serial stdio. Ukihamia kwenye bodi, nunua waya wa siriali wa volti 3.3. Wa volti 5 unaweza kuunguza pini.