Mwandishi na Shahidi Wasidhuriwe



Ndugu msomaji, ndani ya aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ile aya ndefu ya madeni, kuna amri fupi ambayo wengi wetu huipita haraka: mwandishi na shahidi wasitiwe madhara. Wafasiri wana kauli mbili hapa. Wapo wanaosema wao ndio wasiwadhuru wenye haki, na wapo wanaosema wao wasidhuriwe kwa sababu ya kazi yao. Kitenzi cha Kiarabu kinabeba maana zote mbili. Leo nashika ya pili.

David Munyakei alikuwa karani na shahidi kwa pamoja. Akiwa kijana katika Benki Kuu ya Kenya, mwaka 1992 aliona mamilioni ya shilingi yakilipwa kama fidia ya dhahabu na almasi ambazo nchi haikuuza nje. Akatoa nyaraka. Mwaka 1993 alikamatwa, kisha akapoteza kazi. Alihamia Mombasa na huko akasilimu. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 alifariki maskini, hajafika miaka 40.

Umaskini wake ulionekana. Ya kifuani hayaonekani. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi walichapisha uchunguzi wa watu 27 waliofichua maovu. Asilimia 85 hivi walikuwa na hali nzito ya wasiwasi, huzuni, kutoamini watu, hofu ya kutoka nje au kukosa usingizi, na karibu nusu walifikia kiwango cha ugonjwa. Matatizo hayo yalikuwa mengi kwao kuliko kwa watu wa kawaida, hata kuliko kwa wagonjwa wa saratani! Watu 27 ni wachache, nakubali. Lakini mgonjwa wa saratani hutembelewa, huletewa uji, huombewa dua. Mfichua maovu hata simu yake haipokelewi.

Tusikimbilie kusema ni udhaifu wa imani. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikumlaumu.

Hapa Uganda tuna sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda watoa taarifa, na inawaahidi asilimia 5 ya fedha zitakazorudishwa. Ni jambo jema. Ila sheria haiwezi kumlazimisha mtu akae karibu nawe msikitini.

Nasema hivyo kwa sababu najua. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliuliza hesabu za michango ya futari. Hakuna aliyemtukana, tuliacha tu kumwita kwenye mambo yetu. Mimi niliacha kukaa naye baada ya alasiri, nikiogopa kuhesabiwa upande wake. Risiti zilipopatikana, ikaonekana aliuliza kwa haki. Yeye siku hizi husali chumbani.

Wiki iliyopita nilimgongea. Alifungua mlango kidogo, akaitikia salamu yangu, kisha akaniuliza ni nani aliyenituma.